Naomba programu ya kufundishia umeme bila intaneti

Mwalimu wa Fizikia:
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nina kompyuta moja na projekta, na mtandao hukatika katikati ya kipindi. Wanafunzi wanakariri tu kwamba balbu za mfululizo, yaani zilizounganishwa moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme, hufifia, hawajawahi kuona. Mnatumia nini?

Mama Saketi:
Pole, mwalimu. Jaribu PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder; ilianzishwa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, na ni ya bure. Pakua mapema faili la jaribio la saketi, yaani njia ya umeme. Baadaye linafunguka kwenye kivinjari bila mtandao. Mimi huunganisha betri na balbu mbili za mfululizo, kisha nawauliza: nikiongeza ya tatu itakuwaje? Waache wabishane kwanza! Ukiiongeza, wanaona elektroni zikipunguza mwendo na mwanga ukififia. Tafadhali usiwape jibu mapema, utawanyima utamu wote wa somo.

Mwalimu Msomaji:
Naunga mkono. Kwa kusoma, weka Kiwix, inahifadhi Wikipedia nzima kwenye kompyuta. Ya Kiswahili ni nyepesi.

Mwalimu wa Fizikia:
Asanteni sana. PhET ina Kiswahili?

Mama Saketi:
Baadhi ya majaribio, ndiyo. Chuja kwa lugha.