Benki imekiri kosa, imelipa mabilioni, halafu kesi ya fidia ya bomu la 1998 inatupwa. Imekaaje hii?

Mnazi Mkavu:
Wakuu, wanasheria nisaidieni. Yale mabomu ya balozi za Marekani Nairobi na Dar, Agosti 7, 1998, watu 224 walikufa. Kuna wahanga walioishtaki BNP Paribas ya Ufaransa kwamba ilikuwa inaipitishia Sudan madola kinyemela, na Sudan ndio ilimfuga Osama miaka kadhaa. Benki yenyewe 2014 ilikiri kukwepa vikwazo vya Marekani ikalipa karibu dola bilioni 8.9!! Halafu 2018 mahakama ya rufaa Washington inasema kesi haina miguu, hata ushahidi haujasikilizwa. Pesa imeongea ama?

Wakili Msomi Jr:
Pesa haijaongea mkuu. Ilichokiri benki ni vikwazo, bomu haikukiri. Hiyo hatua ni kama pingamizi la awali huku kwetu, jaji anasema haya tuchukulie yote uliyoandika ni kweli, je kuna kesi hapo? Wakauliza hizo dola zilifikaje kwa al-Qaeda, maana Sudan ni serikali, inalipa walimu inanunua dawa, huwezi kusema kila dola iliyopita Khartoum iliishia kwenye lile lori la Nairobi, unatakiwa uonyeshe njia yake na hati ya madai haikuonyesha. Hoja ya kwamba benki ilisaidia magaidi nayo iligonga mwamba kwa tarehe tu. Sheria inayoruhusu kumshtaki msaidizi, JASTA, ilipita 2016 (Obama aliikataa, Bunge likampiku) na inahesabu madhara ya kuanzia Septemba 11, 2001. Hili letu la 1998 likabaki nje.

Mnazi Mkavu:
Sasa njia ya pesa nitaijuaje wakati mafaili yako kabatini kwa benki na mahakama haijanifungulia??

Bi Tunu:
Hapo ndipo wengi wanakwama. Hata hao ambao JASTA inawahusu. Ile kesi dhidi ya Twitter, kuhusu shambulio la ISIS klabu ya Reina Istanbul watu 39 wakafa, 2023 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliitupa, wakasema kujua tu kwamba ISIS wanatumia mtandao wako sio kuwasaidia kwenye shambulio lile.
Ila msidhani bomu letu halikulipwa kabisa. Walioishtaki Sudan yenyewe walishinda, na Sudan ikatoa dola milioni 335 ili itolewe kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Ila tazama nani anaruhusiwa kuishtaki Sudan kule Marekani, raia wa Marekani, wanajeshi wao, wafanyakazi wa serikali yao hata kama ni Mkenya au Mtanzania, na familia zao. Karani aliyekuwa jengo la Ufundi jirani na ubalozi Nairobi, lililoporomoka lote, hana mlango. Hili ndilo linaloniuma kuliko hiyo benki.

Mzee wa Rufaa:
Naongezea, benki hiyohiyo ilibanwa New York. Wakimbizi wa Sudan walishtaki kwa ukatili wa serikali ya Bashir yenyewe, kwa hiyo hakuna kutafuta dola mpaka kwa Osama. Kesi ilitupwa mwanzoni, 2019 rufaa ikaifufua, na Oktoba 2025 jopo la raia wanaoamua kesi (jury) likawapa watatu kati yao dola milioni 20.75. Benki imesema inakata rufaa kwa hiyo msianze kugawana.