Waya nyuma ya kombora: haukatiki vipi?

Faiba_Ilazo:
Wakuu habari za jioni. Kazi yangu ni kuvuta faiba hapa Dodoma, Ilazo, Nzuguni, mpaka kule Mtumba. Leo tumeshinda juani na dramu la kebo, mita mia nne tu. Ikakwama kwenye kona ya bomba, kijana mmoja akavuta kwa hasira, uzi ukavunjika ndani. Tumeanza upya saa tisa.

Nimerudi geto, nafungua simu, nakuta video ya Ukraine: droni inaruka na uzi wa faiba nyuma yake, zaidi ya kilomita 10, inakwenda kulipua kifaru. Bila nguzo, bila bomba, juu ya miti! Kuna mtu ameandika kwamba hilo si jambo jipya, makombora ya kupiga vifaru yalikuwa na waya tangu zamani. Kweli? Na haukatiki vipi? Halafu kama siku hizi kuna kombora linalojiongoza lenyewe, kwa nini watu wamerudi kwenye waya? Wajuvi naomba kujuzwa.

Mtu_wa_Bahi:
Hiyo ya kutengenezwa na kompyuta mkuu. Lala.

Babu_Kongwa:
Si ya kutengenezwa. Nimefundisha fizikia huku Kongwa mpaka nikastaafu, na habari za vifaru ni ugonjwa wangu wa siku nyingi.

Mwanangu wa faiba, kwanza sahau neno kuvuta. Wewe dramu lako limekaa chini, kebo ndiyo inaburuzwa, kwa hiyo msuguano wa bomba lote unaubeba uzi. Kwenye kombora, dramu ndilo linaloruka. Linamwaga waya kwa nyuma, na waya ukishamwagwa unalala hapohapo, hausogei tena. Mtazame buibui anaposhuka kutoka darini. Uzi anautoa tumboni mwake.

Kombora la waya Wajerumani walilijaribu mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, likiitwa X-7, vita vikaisha halijafika popote. Wafaransa wakaingiza la kwao, SS.10, jeshini miaka ya 1950, Waisraeli wakaitumia Sinai 1956. Lakini lililotia watu adabu ni la Warusi, Malyutka, maana yake kama "kadogo". Kilo 11 hivi, linabebwa kwenye sanduku kama la mwanafunzi anayekwenda kuripoti bweni. Mpigaji anajificha pembeni, hata mita 15 kutoka lilipo, ameshika kijiti cha kuongozea, amri zake zinapita kwenye waya. Kifaru kikiwa kilomita 3, kombora linachukua kama sekunde 25 kufika. Muda wote huo unalitazama kombora, unakitazama kifaru, na mkono unasahihisha kushoto, kulia, juu kidogo. Jaribu kuhesabu mpaka 25 polepole, halafu fikiria kuna mtu anakumiminia risasi.

Oktoba 1973 Wamisri walivuka Mfereji wa Suez na haya: vifaru vya karibu wanavipiga kwa RPG, roketi ya begani, vya mbali kwa Malyutka. Waisraeli walipoteza vifaru vingi siku za mwanzo, na baada ya mapigano vingine vilikutwa vimetandwa nyaya. Dawa waliipata hukohuko vitani: achana na kombora, piga lilikotokea. Mwenye kijiti akishtuka kidogo tu, limeingia mchangani.

Kwa hiyo udhaifu ulikuwa mkono, waya hauna kosa. TOW ya Marekani (1970) na Milan ya Wafaransa na Wajerumani zikaupunguzia mkono kazi: unashikilia msalaba wa darubini juu ya kifaru tu, mtambo unaona moto ulio mkiani mwa kombora na kulinyoosha wenyewe, bado kwa waya. Hizo Milan ndizo Wachadi walizipakia kwenye Toyota mwaka 1987 wakatimua vifaru vya Libya jangwani. Toyota, pikapu! Kisha Javelin, 1996, ikaondoa waya pamoja na kazi ya jicho. Inakamata joto la kifaru kabla ya kuruka, unafyatua unakimbia, yenyewe inapanda na kushukia paa, ambako chuma ni chembamba.

Kurudi kwenye waya kuna sababu mbili. Javelin ni ghali mno, droni ni rahisi. Na droni ya redio ikikutana na mtambo wa kuvuruga mawimbi, picha inakufa. Uzi wa kioo hauvurugiki. Tena safari hii jicho limepanda droni yenyewe, kwa hiyo yule mwenye kijiti hana tena vitu viwili vya kutazama. Mkono umerudi kazini.

Mageti_Kizota:
Shikamoo mzee. Mimi mchomeleaji. Hilo kombora linakiyeyusha chuma kama ninavyokata kwa gesi? Na sisi vita vya Kagera tulikuwa nayo?

Babu_Kongwa:
Marahaba. Haliyeyushi, hapo wengi wanakosea. Ndani kuna koni ya shaba, na baruti iko nyuma yake. Ikilipuka, koni inafinywa ikawa kama mshale mwembamba unaokwenda kilomita kadhaa kwa sekunde. Kwa kasi hiyo chuma kinasukumwa pembeni, kama tope ukichomeka kidole. Vile vizimba unavyoona juu ya vifaru vya siku hizi ni kazi ya wachomeleaji wenzako, ili droni ilipukie mbali kidogo na bamba lenyewe.

Kagera nijuavyo mimi ni RPG. Hiyo haiongozwi, ikishatoka imetoka. Inakubidi usogee karibu, na kusogelea kifaru si mchezo. Mdogo wangu alikuwepo, na hapo huwa anabadilisha mazungumzo.

Faiba_Ilazo:
Mzee wangu nimekuelewa. Kesho dramu nalipakia kwenye pikapu, pikapu itembee, kebo imwagike yenyewe.

Babu_Kongwa:
Kwenye nguzo sawa. Ile kona ya bomba pikapu itapitaje?