Semina ya mwaka, mafunzo ya kazini au kuangaliana zamuni: kipi kinamlinda mhudumu?

ZamuYaUsiku
Wadau, habari za kazi. Nasimamia nyumba ya kuwatunza watu wazima wenye ulemavu wa akili na wa viungo. Wahudumu 18, zamu tatu. Ndani ya miezi sita tumepata majeraha saba: manne ya mgongo wakati wa kumhamisha mkazi kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, mawili ya kung'atwa, na moja la kuteleza bafuni.

Uongozi unataka nichague kitu kimoja na nikitetee. Kuna semina ya siku nzima: mkufunzi anatoka nje, kila mtu anaondoka na cheti. Kuna mafunzo ya kazini ya wachanganuzi wa tabia, yaani wataalamu wa kuchunguza kwa nini mtu anafanya anachofanya na namna ya kukibadilisha: unaelezwa, unaonyeshwa, unafanya mwenyewe, unasahihishwa, unarudia hadi uweze. Na kuna mpango wa kuangaliana: orodha fupi ya hatua, mwenzako anakuangalia ukiwa kazini, anakupa mrejesho papo hapo, na asilimia za zamu zinabandikwa ukutani.

Mimi naegemea huo wa tatu, ila naogopa watu wataona wanapelelezwa. Mliopita njia hii, semeni.

KibaoChaKazi
Semina ikatae mapema, msimamizi. Sisi tulipelekwa semina nzuri sana, mkufunzi anajua kuongea, picha za uti wa mgongo za kutosha, na mtihani wa mwisho karibu wote tulifaulu. Wiki iliyofuata nikamkuta mwenzangu, aliyepata alama za juu kuliko wote, anamwinua mkazi na kiti hakijafungwa breki. Kiti kikarudi nyuma, yeye akajipinda kumdaka mkazi asianguke. Siku tatu hakuweza kuinama kufunga viatu.

Ukimuuliza hatua ya kwanza ya kumhamisha mtu, anakujibu bila kufikiri: funga breki. Kujua kulikuwepo mdomoni, mkononi hakukuwepo. Ndiyo maana napenda huo wa pili. Watafiti Parsons, Rollyson na Reid waliuandika vizuri mwaka 2012, hatua kwa hatua, kwa ajili ya wasimamizi wa kawaida kama sisi. Kinachoutofautisha na semina ni kwamba mafunzo hayaishi saa zikiisha, yanaisha mtu akifanya hatua zote sawasawa mbele yako. Mmoja atamaliza kwa dakika 20, mwingine utarudi naye kesho.

Mchanganuzi_77
Mnabishania dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

ZamuYaUsiku, kabla hujachagua, jiulize kwa nini wahudumu hawafanyi unavyotaka. Kuna dodoso la kazi hiyo hiyo, PDC-HS, la Carr na wenzake, 2013, lililotengenezwa kwa ajili ya taasisi za huduma kwa watu. Linauliza maeneo manne. Je, mtu amefundishwa na anaweza? Je, anajua wazi anachotakiwa kufanya na kuna kitu cha kumkumbusha? Je, vifaa na watu wa kutosha wapo? Na je, akifanya vizuri au vibaya kuna kinachomfuata, kazi inachosha kiasi gani, na kuna kazi nyingine inayomvuta?

Sasa angalia yale majeraha yako manne ya mgongo. Mashine ya kuinulia iko wapi? Ikiwa mwisho wa korido nyuma ya vitanda vibovu, mhudumu anapiga hesabu yake: kuifuata, kutafuta kitambaa cha kumbebea mkazi, kukivalisha, kuinua. Akibeba kwa mikono anamaliza mara moja, na anayemaliza mapema ndiye anayesifiwa kwenye kikao. Yaani kila asubuhi kubeba kwa mikono kunalipwa, na kutumia mashine kunaadhibiwa kwa kuchelewa. Hapo mtu anaweza kuwa na vyeti sita na bado akabeba kwa mikono. Kama jibu ni "anaweza ila hafanyi", mafunzo yoyote yale ni kumfundisha samaki kuogelea.

FundiUsalama
Nakazia hoja ya mrejesho, kwa namba. Komaki, Barwick na Scott walifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, matokeo yakatoka 1978. Waliandika matendo salama yanayoonekana kwa macho, wakawaonyesha wafanyakazi, wakaweka lengo la asilimia 90, wakabandika chati. Idara moja ilitoka asilimia 70 hadi 96, nyingine 78 hadi 99. Halafu, na hapa ndipo watu wengi hawasomi, waliposimamisha mpango idara zote zikarudi kwenye 71 na 72.

Kwa hiyo mpango wa tatu unafanya kazi, lakini ukiuanzisha ujue umeoa. Ukisimamisha chati mwezi wa nne kwa sababu "sasa wamezoea", mwezi wa sita unarudi hapa kutuuliza tena.

Na usidhani ni mambo ya viwandani tu. Alavosius na Sulzer-Azaroff, 1986, walipima mrejesho kwa wahudumu wanaoinua na kuhamisha watu wenye ulemavu wa viungo, kazi yako kabisa. Waliopewa mrejesho wa jinsi walivyoinua waliinua kwa usalama zaidi.

Mjumbe_wa_Zamu
Samahani wakuu, mimi nasema kwa upande wa wanaoangaliwa.

Huko Marekani vyama vya wafanyakazi vimelalamikia mipango ya namna hii kwa miaka mingi, na si kwa uvivu. Tajiri akishapata orodha ya matendo ya mfanyakazi, kila ajali inakuwa ya mfanyakazi. Sakafu ya bafu inateleza, wanaandika "hakutembea kwa uangalifu". Wahudumu wawili kwa wakazi kumi, wanaandika "hakuomba msaada". Watu wa usalama wenyewe wana ngazi yao: kwanza ondoa hatari, kisha badilisha kifaa, kisha tengeneza mazingira, ndipo uje kwenye taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa glavu na aproni. Mipango yenu yote mitatu iko ngazi za chini.

Na kwenye mgongo namba zipo. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mtu mmoja asiinue zaidi ya pauni 35 za uzito wa mgonjwa, kama kilo 16, tena hali zote zikiwa nzuri. Mkazi gani mtu mzima ana kilo 16? Martimo na wenzake walikusanya tafiti wakazichapisha 2008 kwenye jarida la madaktari la Uingereza, wakakuta hakuna ushahidi kuwa kufundisha watu namna ya kuinua kunazuia maumivu ya mgongo. Mnataka kumfundisha mtu kubeba vizuri mzigo ambao hakutakiwa kuubeba.

FundiUsalama
Mjumbe, hapo sina ubishi. Ila mashine nayo haijiwashi. Nimeona mahali zimenunuliwa mbili zikageuka kamba ya kuanikia taulo. Mrejesho uelekezwe huko: usihesabu "ameinua kwa kukunja magoti", hesabu "ametumia mashine".

Mjumbe_wa_Zamu
Hiyo naikubali. Na msiweke zawadi ya "mwezi bila ajali". Niliwahi kufanya kazi mahali palipokuwa na zawadi hiyo. Mwenzetu aliteguka kifundo cha mkono, akakifunga ndani ya sweta hadi mwisho wa mwezi ili zamu nzima isikose. Ajali hazikupungua, ziliacha kuandikwa.

ZamuYaUsiku
Nimeshuka sasa hivi kuangalia mashine yetu. Betri imekufa. Nimeuliza tangu lini, kila mtu anamtazama mwenzake. Kitambaa cha kubebea kipo kimoja, saizi ndogo, na wakazi wanne wanaohamishwa kwa mashine hakuna hata mmoja kinamtosha. Nimeona aibu, nakiri.

Mchanganuzi_77
Usione aibu, umeokoa bajeti ya semina. 😄

DadaWaAsubuhi
Jamani mgongo umepata mawakili, na sisi tunaong'atwa?

Nimeng'atwa mara tatu kwenye kazi hii. Cha kwanza ambacho mwili unafanya ni kuvuta mkono, na kuvuta ndiko kunakochana nyama. Mafunzo ya kujikinga yanataka kinyume: usivute, sukuma mkono kidogo kuelekea kinywani, utulie, taya zikilegea ndipo utoke. Hili huwezi kulijifunza kwa kuelezwa. Nilisikia kwenye semina na nilipong'atwa nikavuta. Niliacha kuvuta baada ya kulifanyia mazoezi na mwenzangu, kashika mkono wangu kwa vidole vitano kama meno, ghafla, huku naongea mambo mengine, mara kumi, kumi na tano. Kwa hiyo kwa kung'atwa, mpango wa pili, tena urudiwe kila baada ya muda maana tukio lenyewe ni la nadra na mkono unasahau.

Lakini swali kubwa ni kwa nini anang'ata. Kaka mmoja tuliyekuwa naye alikuwa anang'ata wakati wa kuoga tu. Tulipoanza kuandika kilichotangulia na kilichofuata, ikaonekana kila aking'ata, kuoga kunasimama. Nani hatang'ata? Tukamfundisha kugusa kadi yenye picha ya mkono ulioinuliwa, akiigusa tunasimama mara moja na kumpa nafasi. Wiki za mwanzo alikuwa anaigusa kila dakika, kuoga kulichukua karne. Meno yaliacha kutumika. Njia hii si uganga wetu, Carr na Durand waliionyesha tangu 1985: mpe mtu namna nyingine ya kupata kile kile anachokitafuta kwa fujo.

Mjumbe_wa_Zamu
Dada hapo umenena. Hiyo ndiyo kuondoa hatari yenyewe.

Kijana_wa_Zamu
Samahani kwa kuingilia. Mimi ni mhudumu, mwaka wa pili, na mambo haya yananivutia kuliko kubeba ndoo. Nikitaka kuyafanya kuwa kazi, naanzia wapi? Naona matangazo ya vyeti mtandaoni hadi nachanganyikiwa.

Mchanganuzi_77
Kijana, vyeti vinavyojulikana zaidi ni vya BACB, bodi ya Marekani inayothibitisha wachanganuzi wa tabia, iliyoanzishwa 1998. Ngazi ya chini ni RBT, fundi wa tabia aliyesajiliwa, iliyoanza 2014: mafunzo ya saa 40, kupimwa kwa vitendo, mtihani, na ukishapata unafanya kazi chini ya msimamizi. Ya juu ni BCBA, mchanganuzi wa tabia kamili: shahada ya uzamili na saa 1,500 hadi 2,000 za kazi chini ya usimamizi. Lakini sikia kabla hujalipa: tangu 2023 bodi hiyo imefunga maombi mapya kutoka nchi nyingi nje ya Marekani na Kanada. Tangazo lisilokuambia hilo, likimbie. Kwa walio kwingine kuna shirika la IBAO, ambalo vyeti vyake vimekusudiwa kimataifa.

Kuna mlango mwingine watu hawauoni: kutumia elimu hii kwa wafanyakazi badala ya wateja. Ni tawi zima lenye jarida lake tangu 1977, na haya tunayojadili hapa ndiyo kazi yake. Omba uwe mtu wa orodha na chati kwenye zamu yako. Msimamizi atakayekuajiri kesho atataka kuona kitu ulichopima kikabadilika.

ZamuYaUsiku
Wakuu, nimefika hapa. Barua ya uongozi nimeibadilisha: fedha za semina zinunue betri na vitambaa vinne vya saizi sahihi, na mashine ihamie katikati ya korido. Bafuni, mkeka usioteleza. Kisha mafunzo ya vitendo kwa mashine na kwa kung'atwa. Sina muda wa kufundisha watu 18, kwa hiyo nitawafundisha viongozi watatu wa zamu na wao wafundishe wengine. Nimeona Page, Iwata na Reid walifanya hivyo 1982 wakaita piramidi. Kuangaliana kutakuja mwisho, bila majina ukutani, asilimia ya zamu tu, na Mjumbe wetu awe kwenye kamati.

Nilichokwama ni orodha. Nimeandika "awe makini", "amjali mkazi", "afuate utaratibu". Naona mwenyewe haipimiki.

KibaoChaKazi
Futa zote tatu, mkuu. Andika kitu ambacho watu wawili wakisimama mlangoni wote watasema ndiyo au hapana. Ya kwetu ya kumhamisha mkazi ilikuwa na mistari mitano:

Amemwambia mkazi kinachofuata kabla ya kumgusa.
Amefunga breki, amekisukuma kiti, hakikusogea.
Amepandisha kitanda hadi usawa wa kiuno chake.
Ametumia mashine na kitambaa chenye jina la mkazi huyo.
Amerudisha mashine kwenye chaji, taa imewaka.

Mwanzoni tulikuwa na mistari 14. Hakuna aliyeijaza.

DadaWaAsubuhi
Huo wa mwisho uwe wa kwanza, jamani. Zamu ya usiku ikisahau chaji, asubuhi ni mimi na mgongo wangu.