Baba mkwe ananikwepa ndani ya nyumba yangu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na Mnyakyusa wa Tukuyu, tunaishi Uyole hapa Mbeya. Kwetu baba mkwe ni baba tu: unamwamkia, unamtengea chakula, mnapiga soga mpaka kahawa iishe.

Wiki mbili zilizopita mzee kaja kwa matibabu. Siku ya kwanza nimetoka jikoni na hotpoti ya ndizi, nikapiga goti, "Shikamoo baba." Mzee kageuza uso ukutani, kashusha kofia, akatoka nje kwenye mvua. Na mvua ya huku mnaijua. Nikabaki na hotpoti mkononi, machozi yananilenga.

Usiku ndiyo mume ananiambia kuwa kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala kukaa pamoja, ndiyo heshima yenyewe. (Miaka miwili ya ndoa hakuona haja ya kunidokeza!) Wifi yangu wa benki anasema hayo yamepitwa na wakati, nikae tu sebuleni. Mama mkwe kwenye simu kaniambia "ndaga fijo" (asante sana kwa Kinyakyusa) kwa kumtunza mzee, hilo jingine hakuligusa.

Sebule ni moja, choo kimoja. Chakula sasa anapeleka mtoto wa jirani, nusu ya mchuzi inaishia sakafuni.

Wenyeji wa Rungwe na Kyela, mwiko huu unalegezwaje bila kumvunjia mzee heshima? Nipitie kwa nani?