Mrejesho: Kuitoa ofisi ya ujenzi kwenye karatasi, Mwanza

Wakuu, habari za leo. Niliomba ushauri namna ya kuihamisha ofisi yetu ndogo ya usanifu majengo, hapa Mwanza, kutoka michoro ya karatasi kwenda modeli ya pamoja ya jengo kwenye kompyuta, yaani BIM. Nawashukuru sana wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuanza na mradi mmoja, ghorofa pale Isamilo, kule kwenye mawe. Aliyesema tusilazimishane programu alinena kweli: mbunifu kabaki na yake, mhandisi na yake, tunabadilishana kwa IFC, aina ya faili ambayo programu tofauti zinaweza kuisoma. Tulipounganisha tu modeli zao, bomba la maji taka likaonekana limetoboa boriti katikati. Zamani tungeligundua zege limeshakauka, tunatafuta mtu wa kutindua. Kuyapa mafaili majina kwa utaratibu wa ISO 19650, kiwango cha kimataifa cha kupanga taarifa za ujenzi, nako kumesaidia; lile faili la "mpya_mwisho_kabisa" limekufa.

Kilichogoma ni tableti saiti. Jua la saa saba kioo hakisomeki, na foromani ana saruji mikononi. Tumerudi kwenye karatasi ya A3, ila kila mchoro una msimbo wa QR. Unauskani kwa simu, unajua kama ndilo toleo la sasa.

Mkadiriaji majenzi wetu bado anapima kwa rula ya skeli. Simlaumu sana, modeli yetu haijui mwamba unaanzia wapi chini ya udongo, kwa hiyo haiwezi kumpa vipimo vya kuchimba msingi.

Aliyeuliza gharama: programu za kutazama modeli tunatumia za bure. Leseni tumelipia ya mbunifu tu.