Naomba ushauri: Kuwapeleka watoto kwenye mto baridi wa Idaho, Juni au Agosti?

BabaPendo, Donholm
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu kabla sijalipia nafasi. Kaka yangu anayeishi Boise, jimboni Idaho, Marekani, ametualika tushuke naye Middle Fork, tawi la Mto Salmon, kwa boti za mpira tukiwa na waongozaji wenye leseni. Safari ni ya takriban kilomita 160 ndani ya nyika isiyo na barabara, na usiku watu hulala kwenye mahema ukingoni. Yeye anasisitiza mwanzoni mwa Juni, akisema mto ukijaa ndipo huwa mtamu, ilhali mimi naona Agosti inafaa kwa sababu shule zitakuwa zimefungwa. Binti yangu ana miaka 14 na mdogo wake minane. Wote huogelea vizuri katika kidimbwi cha shule. Je, miezi hiyo miwili ina tofauti ya maana, na huyu mdogo aende?

KasiaLaSagana
Mzee, tofauti ni kubwa mno. Maji ya mto huo hutokana hasa na theluji ya milimani, ambayo huyeyuka kwa wingi Mei na Juni, kwa hiyo wakati huo mto huwa umefura na ni baridi kwelikweli. Katika kipimo cha kimataifa cha madaraja 1 hadi 6 (6 ndilo kali kuliko yote), mikondo yake mikali mingi huwekwa daraja la 3 na la 4, lakini mto ukijaa mkondo mmoja huungana na unaofuata, na aliyeanguka hukosa mahali patulivu pa kuvutiwa botini. Mtu akitumbukia katika maji baridi sana, pumzi humkatika, kisha huvuta hewa kwa nguvu bila hiari, na uso ukiwa majini huvuta maji. Dakika chache baadaye vidole hufa ganzi, hata akirushiwa kamba asiweze kuishika. Ndiyo maana uhodari wa kidimbwini haumfikishi mtu mbali huko. Agosti maji hupungua na kupata joto kiasi, ingawa mawe nayo hutokeza, hasa sehemu ya juu. Ndiyo maana baadhi ya safari za msimu huo huanzia Indian Creek, chini zaidi mtoni, watu wakipelekwa kwa ndege ndogo. Nendeni Agosti, au mtoto abaki.

MamaWawili_Rongai
Mimi ningeuliza kwanza kwa nini apelekwe mbali hivyo kabla hajaonja Sagana, mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa Nairobi. Huko Mto Tana una sehemu tulivu na sehemu kali, na mtoto akilia mnarudi nyumbani jioni. Kule nyikani akilia siku ya pili, mtamtoa kwa njia gani?

Muuguzi_Eastlands
Naunga mkono Agosti, ila msipuuze mavazi. Maji hunyonya joto la mwili haraka takriban mara 25 kuliko hewa, na mtoto hupoa upesi kuliko mtu mzima. Fulana ya pamba ikilowa humzizimisha aliyeivaa. Afadhali sufu au polista, nazo zimejaa soko la mitumba la Gikomba, mradi usome lebo ya shingoni kabla ya kulipa. Mtoto akitetemeka mfululizo, na zaidi akiacha kutetemeka huku maneno yakimtoka kwa uzito, mvueni nguo mbichi, mkausheni, mfunikeni, mpeni kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu zake, na msimsugue mikono wala miguu.

BabaPendo, Donholm
Nawashukuru. Nimemwandikia kaka kwamba Juni haiwezekani, na Sagana tutaanza nako. Nitajuaje kwamba jaketi la kuokolea linamtosha mtoto?

KasiaLaSagana
Funga mikanda yote, kisha ushike jaketi mabegani na ulivute juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, halimfai. Omba lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Huko Sagana afundishwe kuelea chali, miguu ikitangulia na vidole vikiwa juu ya maji, wala asijaribu kusimama mkondoni, kwa maana mguu ukinaswa kati ya mawe, maji humlaza kifudifudi na kumgandamiza papo hapo. Arudie hadi afanye bila kuambiwa.