Tupeane uzoefu: Vijidudu vya tangi la maji chumvi, unavitambuaje?

Wakuu, mawe mapya yakishaingia kwenye tangi, haichukui muda kioo kinajaa vidoa vinavyotembea. Wengi hukimbilia dawa, na dawa haichagui: inaondoka pia na wanaosafisha tangi. Tuelezane mbinu za kuwatambua.

Chumvi35
Fanya kazi usiku. Saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa, mulika kwa tochi iliyofunikwa nailoni nyekundu. Wengi hawaukimbii mwanga huo. Mnyonye mmoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mweke kwenye kisahani cheupe chenye maji ya tangi hilohilo (maji yasiyo na chumvi yatamuua), weka rula pembeni, upige picha ya juu na ya ubavuni. Ya ubavuni ndiyo huamua.

Jongoo_Bahari
Kweli kabisa. Nukta nyeupe za milimita 1 au 2 zinazorukaruka kwenye kioo ni kopepodi, chakula kizuri cha samaki. Mwili uliobanwa ubavu kwa ubavu, mgongo umepinda: amfipodi, mwache. Uliobanwa juu na chini: isopodi. Wengi hawana neno, lakini mwenye macho makubwa, anayeogelea kasi na kung'ang'ania ngozi ya samaki, mtoe upesi.

Mwambani
Na vile viganda vyeupe vilivyojikunja kwenye pampu?

Chumvi35
Kama ni duara bapa la milimita 1 hadi 3, ni spirobi, mnyoo mdogo wa kiganda anayechuja maji tu. Usimchanganye na konokono wa mrija, ambaye mrija wake husimama juu ya jiwe na mdomo wake hukata kidole. Tia chakula kidogo cha unga, usubiri dakika chache: spirobi hutoa kishada cha vinyoya, konokono hutandaza nyuzi za kamasi. Nyuzi hizo zikigusa matumbawe, polipu (vinyama vidogo vinavyounda tumbawe) hujifunga. Vunja mrija hadi chini, kisha ziba tundu kwa gundi ya jeli ya sianoakrileti (superglue).

Kina_Kifupi
Mimi nasisitiza minyoo bapa ya rangi ya kutu, kama milimita 5, mkia wenye ncha tatu. Hukusanyika penye mwanga na mkondo hafifu. Hatari yake iko kwenye kufa: ikifa mingi kwa pamoja humwaga sumu inayoweza kuua samaki. Kwa hiyo inyonye kwanza kwa mpira mwembamba kila unapobadilisha maji, hadi ibaki michache. Ndipo utie dawa, ukiwa na mkaa amilifu mpya kwenye chujio na maji ya kubadilisha robo ya tangi, yenye chumvi na joto sawa.

Aiptasia, kianemoni cha kahawia (kinyama chenye mikono, kinachofanana na ua), usimkwangue. Kipande kinachobaki juu ya jiwe huota upya.

Jongoo_Bahari
Kuhusu mnyoo mwenye manyoya: kumkuta juu ya tumbawe lililokufa si ushahidi kwamba ndiye aliyeliua, maana wengi wao hula mizoga. Wa kuogopwa ni mnyoo moto, mnene, mwenye vishungi vyeupe vya manyoya na matamvua mekundu ubavuni, anayeonekana akila tumbawe lililo hai. Mtoe kwa kibano. Manyoya yake huvunjikia ndani ya ngozi, na glavu nyembamba haziyazuii.